Kenta ya Dorka na Bolti ya Mayunga

Dorka alidharau watu wengi, na hakuwahi kuona sababu ya kuficha. Aliwadharau wachimbaji, waliokuwa wakinunua viatu vyeupe kwa ajili ya kutembea kwenye matope. Aliwadharau madereva wenzake, waliomwita mama lori akiwepo na kumwita majina mengine akiondoka. Mafundi aliwadharau kwa jumla, kama mtu anavyodharau mbu. Lakini dharau yake kubwa, ile ya sikukuu, alimwekea shemeji yake Orwa.

Mwaka ule bei ya dhahabu ilikuwa imepanda mpaka walimu wakaacha chaki na wahubiri wakahamishia maturubai yao karibu na mashimo. Rashi, yaani machimbo mapya yaliyovamiwa na watu, ilikuwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Kenyamonta, kwenye mashamba ambayo msimu uliotangulia yalikuwa ya mihogo na mtama. Karasha za kusaga mawe zilikuwa upande wa pili, Genkuru. Kati ya mashimo na karasha kulikuwa na daraja, na baada ya daraja kilima. Mwenye gari linaloweza kupanda kilima kile likiwa limejaa viroba vya mawe alikuwa na maisha. Asiye nalo alikuwa na maneno.

Dorka alikuwa na kenta, lori dogo la Kijapani. Iliachwa na mumewe, Ojwang, mtu mpole aliyemfundisha kuendesha kwa sababu alichoka kuulizwa maswali njiani. Ini lilipomuua, ndugu walikaa nyumbani kwa mama yake mzazi, Akech, kuamua mambo ya marehemu. Orwa, mdogo wake Ojwang, alitoka Migori amevaa viatu vya kuchongoka na suti ya rangi ya maziwa ya mgando. Alisimama kabla hajaitwa.

"Familia, tuwe wakweli," alisema. "Hii lori ni kitu ya wanaume. Shemeji amechoka, apumzike. Mimi nitaimaneji."

"Utaifanya nini?" Akech akauliza.

"Nitaisimamia, Mama."

"Ulisimamia kibanda cha simu huko Migori. Kiko wapi?"

Orwa akaeleza kuhusu uchumi wa Kenya. Mama yake alimwacha amalize, akatema mate pembeni, kisha akatoa uamuzi. Akech alikuwa mwanamke wa kilimo cha ng'ombe. Kwake yeye chombo chochote cha kazi kilikuwa na tabia ya maksai, na aliyekijua ni yule ambaye chombo kinamfuata bila kuburutwa.

"Gari libaki kwa nyar Shirati," alisema. Binti wa Shirati, ndivyo alivyomwita mkwewe tangu siku ya ndoa. "Lakini sitaki aibu kwenye boma hili. Siku nitakaposikia limevutwa kwa kamba barabarani kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, funguo ziende kwa Orwa. Nimemaliza. Leteni chai."

Orwa hakurudi Migori. Alipanga chumba Genkuru, akanunua kamba mpya ya katani, nene kama mkono wa mtoto, na akaanza kunywa chai kwenye kibanda kinachotazama kilima. Akiulizwa kamba ni ya nini, alijibu kuwa ni ya dharura. Kazi nyingine hakuwa nayo, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba hii aliifanya kwa bidii.

Kwenye rashi kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeitunga na wote waliitii: gari linalosubiri mzigo halizimwi. Ilitoka siku za mwanzo, kabla mashimo hayajapata kibali, mtu alipopiga mluzi kwamba askari wanakuja na kila dereva akatoroka isipokuwa yule aliyekuwa amezima injini. Sasa kibali kilikuwepo, kimetundikwa ofisini ndani ya fremu, na askari wakionekana walikuwa wamekuja kununua mahindi ya kuchoma. Hata hivyo magari yaliendelea kunguruma kwenye foleni tangu jua linachomoza, moja nyuma ya jingine, yakichoma dizeli kwa heshima ya hatari iliyokwisha. Aliyezima alihesabiwa amelala, na aliyelala alipitwa. Dorka aliiona sheria hiyo kuwa ya wajinga. Aliifuata kila siku.

Ugonjwa wa gari ulianza kama uvivu. Kenta ilivuka daraja vizuri, ikaanza kupanda, na katikati ya kilima pumzi ikakata. Injini haikuzimika. Iliendelea kuzunguka, lakini nguvu iliondoka, na kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye picha ya injini. Dorka akasimama, akazima, akavuta pumzi, akawasha. Taa haikuwaka tena, na nguvu ilikuwa imerudi. Akafika karasha. Wiki iliyofuata ikawa hivyo tena, kisha kila safari, na kila safari mapema zaidi.

"Shemeji, naona leo imekohoa," Orwa alimwambia Dorka alipopita mbele ya kibanda.

"Chai yako inapoa."

"Mimi niko tu. Kamba iko hapa, mpya kabisa."

"Jifunge nayo usije ukapotea."

Wanywaji chai wakacheka, na Orwa akacheka nao, kwa kuwa anayesubiri urithi huwa na moyo mkunjufu.

Mugumu kulikuwa na fundi mmoja aliyesomea umeme wa magari chuoni, akawa na mashine ya kupima gari kwa kompyuta. Aliitwa Oswaldi, mtu wa Moshi. Dorka alikuwa amewahi kumpelekea gari akiwa na mumewe, na Oswaldi, bila kuombwa, alimwambia kuwa anabadili gia kama anayetwanga kisamvu. Dorka hakurudi tena. Ujinga aliweza kuusamehe, kwa sababu aliuzoea. Elimu yenye mdomo hakuisamehe. Tena kucha za yule mtu zilikuwa safi, na fundi mwenye kucha safi, kwa maoni ya Dorka, alikuwa karani aliyepotea njia.

Kwa hiyo alikwenda kwa Mayunga.

Mayunga alikuwa fundi kwa namna ile ile jogoo alivyo saa: alipiga kelele, na mara nyingine wakati ulikuwa sahihi. Alikuja kutoka upande wa Kahama akifuata dhahabu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kompresa. Shimo likienda chini sana hewa inakuwa nzito, na walio chini wanaishi kwa mpira mrefu unaoshushwa toka juu, ukipulizwa na mashine ya upepo. Mtu wa kompresa analinda mpira ule kama roho, kwa kuwa ni roho. Shimo la jirani lisilo na mashine huja likautoboa gizani na kuchomeka mrija mwembamba wa kunyonya upepo wa wenzao. Wizi ukigunduliwa, mrija hukatwa, tundu huzibwa na kufungwa kwa tyubu ya baiskeli, na mwizi hutafutwa kwa mapanga. Mayunga aliifanya kazi hiyo muda mrefu na kwa uaminifu. Kisha akahamia kwenye magari, na akili yake ikabaki shimoni.

Aliinua kebini ya kenta, akainamia injini, na baada ya muda mfupi tu akapiga kelele ya furaha.

"Mama Vivian! Njoo umwone mwizi wako."

Dorka akasogea. Mayunga alikuwa ameshika mrija wa chuma mwembamba kama mrija wa soda. Ulianzia kwenye ekzosi, pale moshi unapotoka kwenye injini kabla haujafika kwenye turbo, ukapanda pembeni, ukaungwa na kipande kifupi cha mpira, na kuishia kwenye kidude cha plastiki chenye waya.

"Tuanze mwanzo," alisema Mayunga. "Moshi unatoka hapa kwa nguvu, unakwenda kuzungusha turbo. Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Turbo ikizunguka inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa nyingi, moto mwingi, gari linapanda. Ndiyo?"

"Endelea, mimi si mwanafunzi."

"Sasa mtazame huyu. Kajichomeka kabla ya turbo. Ananyonya upepo ambao ungezungusha. Anaupeleka wapi? Kwenye hiki kiplastiki. Na kiplastiki kinafanya kazi gani? Hakifanyi. Kimekaa tu, kama shemeji yako."

Dorka alicheka, na hapo Mayunga akawa ameshinda nusu ya kesi.

"Lakini Mzungu angeweka kitu kisicho na kazi?"

"Mjapani."

"Mjapani basi."

"Mama, Mjapani hajawahi kupanda kilima chetu."

Kila alichosema Mayunga kuhusu turbo kilikuwa kweli. Alikosea kuhusu mrija tu, yaani kuhusu kitu pekee alichoulizwa. Aliukata karibu na ekzosi, akagongomea bolti kwenye kile kishina kilichobaki na kuikaza mpaka chuma kikalia, na upande wa pili, kwenye mdomo wa kile kidude, akaviringisha tyubu ya baiskeli kwa ustadi wa mtu aliyeokoa maisha ya watu kwa tyubu hiyo hiyo. Kisha akachomoa waya wa betri, akasubiri kidogo, akaurudisha. "Ili gari limsahau mwizi," alieleza.

Dorka angeweza kuuliza zaidi. Hakuwa mjinga, na swali la Mjapani lilikuwa zuri. Lakini alitaka iwe hivyo. Kama Mayunga alikuwa sahihi, basi yule mwenye kucha safi wa Mugumu pamoja na chuo chake walikuwa bure, na wazo hilo lilimfurahisha kuliko gari lenyewe kupona.

Siku hiyo kenta, ikiwa tupu, ilipanda kilima kwa kasi hata vumbi likamwagikia Orwa kwenye chai. Mayunga alizunguka Genkuru nzima akisimulia. Jioni ile alikuwa tayari na wateja wawili, wote na kenta za aina ile ile, wote wakiuliza kama na wao wana mwizi. Alikuta kwamba wanaye.

Asubuhi iliyofuata Dorka alipakia viroba mpaka juu ya mbao, akavuka daraja, akaanza kupanda. Hakufika hata kwenye mti wa kwanza wa mkaratusi. Taa ya njano ikawaka, na kenta ikalegea kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Akazima, akawasha. Ikatembea urefu wa kanisa, ikalegea. Akazima, akawasha. Safari hii ilisogea hatua chache za mtu mzee, ikakataa. Akaruka chini na kuweka mawe nyuma ya magurudumu kabla haijaanza kurudi mtoni.

Alimpigia simu Mayunga.

"Kaza ile bolti," alisema Mayunga.

"Imekazwa."

"Basi gari limeonja nguvu jana, leo limechoka. Mwaga mzigo."

Dorka alikata simu. Kumwaga mzigo hakukuwa ushauri. Viroba vya mawe ya dhahabu vikishushwa kando ya barabara pale, vinakwisha kabla hujageuka, na mwenye mawe hakubali hadithi ya kilima. Aliangalia juu, umbali uliobaki. Aliangalia chini, na huko chini akaona pikipiki ikija, na nyuma ya pikipiki Orwa, na shingoni mwa Orwa, kama shada la harusi, kamba.

"Pole sana, shemeji," alisema Orwa akishuka. Alikuwa amebadilisha shati. "Nimeongea na jamaa wa trekta. Ako njiani."

"Mwambie arudi."

"Sasa utalala hapa? Uko katikati ya barabara, watu wanataka kupita. Ni kuvutwa tu, si kufa. Mama ni mtu mzima, ataelewa."

"Ataelewa nini?"

"Kwamba ulijaribu."

Alisema hivyo kwa upole, na upole ndio ulioudhi. Dorka alijua kilichokuwa mbele yake. Binti yake Vivian alikuwa kidato cha tatu, na Orwa hakuwahi kusimamia kitu kikabaki kimesimama. Bila kenta, Dorka angekuwa mjane anayeletewa chakula kwa huruma ya mtu mwenye viatu vya kuchongoka. Madereva waliokuwa wakimpita kwa kubana kando ya barabara wote walijua sharti la Akech, na walipiga honi kwa furaha. Mmoja alipaza sauti toka dirishani: "Mama lori, nikusaidie kamba?"

Akafanya jambo ambalo halikuwa katika tabia yake. Akatafuta namba ya Mugumu, akapiga.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mama Vivian. Mke wa marehemu Ojwang, mwenye kenta."

"Yule wa kutwanga gia."

Dorka akafumba macho. "Huyo huyo."

Trekta lilifika kwanza, dereva wake akazima na kulala kivulini, kwa kuwa Dorka alikaa mbele ya bampa la kenta, juu ya ndoano yenyewe ya kufungia kamba, na hakuna aliyetaka kumwondoa kwa mikono. Orwa alizunguka zunguka akiongea na simu. Oswaldi alifika jua likiwa juu, kwa pikipiki, begi mgongoni, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama," alisema bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kuinua kebini. Akainamia injini. Kisha: "Nani amefanya huu uchawi?"

"Mayunga."

"Yule wa kompresa? Na wewe ukasimama hapo ukimwangalia?"

"Nilisimama. Tengeneza, usihubiri."

"Lazima nihubiri, la sivyo kesho utampelekea na breki." Akatoa mashine yake, kibao chenye kioo kama simu kubwa, akaichomeka chini ya usukani. "Washa. Piga resi. Zima. Umeona hii namba?"

"Haijasogea."

"Haijasogea. Injini imewaka, imepigwa resi, imezimwa, na gari linaambiwa moshi hausukumi kabisa. Haiwezekani. Maiti tu ndiyo yenye kipimo kimoja muda wote." Akaviringua tyubu ya baiskeli kwa ncha za vidole, kama anayeshika panya aliyekufa. "Hii inaitwa sensa. Ndani kuna utando mwembamba. Moshi ukisukuma, utando unapinda. Ukipinda, umeme unaopita kwenye waya hizi unabadilika, na kompyuta inajua nguvu ya msukumo. Tazama."

Akaweka mdomo kwenye kile kidude, akapuliza kidogo tu. Namba kwenye kioo ikapanda. Akaacha, ikashuka.

Dorka akakisogelea kioo.

"Sasa huo mrija ulioitwa mwizi," Oswaldi aliendelea, "mwisho wake umezibwa na sensa yenyewe. Upepo unaingia, unasukuma, unabaki hapo hapo. Hauendi popote. Kitu kisicho na pa kutokea kitaiba vipi?"

"Kwa hiyo ni kama nesi anapofunga mkono kupima presha," alisema Dorka polepole. "Hanywi damu."

"Afadhali. Na nesi akipima, daktari ndiye anayeamua. Turbo ya gari hili ina mabawa madogo ndani, yanafunguka na kujifunga, ili moshi upige kwa nguvu inayotakiwa. Kompyuta ndiyo inayoyaongoza, na inaongoza kwa kipimo hiki. Moshi ukisukuma kupita kiasi, inayalegeza turbo isipasuke. Kipimo kikiwa cha uongo, haijui ilegeze au ikaze, kwa hiyo inapunguza dizeli, inakuwashia taa na kukuacha utambae. Inajilinda. Gari lako lina akili kuliko fundi wako."

"Lakini lilianza kulegea kabla ya Mayunga."

"Ndiyo." Kwa mara ya kwanza alimtazama. Alikuwa ameing'oa bolti kwa spana, na sasa alikuwa akichokonoa kile kishina kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Ulitoka mweusi. Akachokonoa tena, ukatoka na punje za masizi magumu kama makombo ya mkaa. "Tundu lilishaanza kuziba. Kipimo kilikuwa kinachelewa: wewe uko kilimani, sensa bado iko darajani. Unaacha gari linanguruma kwenye foleni, siyo?"

"Kila mtu anaacha."

"Sijauliza kila mtu. Injini ikinguruma bila kazi haipati moto wa kutosha kuchoma masizi yake. Yanaganda. Na pa kwanza kuganda ni kwenye katundu kama haka. Zima gari."

"Nikizima napitwa."

"Basi pitwa. Unataka nini, zamu au gari?"

Dorka alimchukia kwa kila neno, na zaidi kwa sababu hakukuwa na neno la kukataa. Alitamani hata moja liwe la uongo. Alimshikia tochi ya simu wakati anasafisha, akampa petroli ya kusuuzia, na Oswaldi alipotoa mrija mwingine kwenye begi na kuuunga, akakaza nati kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba zaidi. Sensa yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa imesema kweli muda wote, ila yenyewe iliambiwa uongo.

"Washa," alisema Oswaldi baada ya kushusha kebini.

Namba ikapanda. Akapiga resi, ikapanda zaidi. Akaacha, ikashuka mara moja.

Orwa alikuwa amesogea. "Boss, hebu sema ukweli," alimwambia Oswaldi, sauti chini. "Hii turbo si imekufa? Afadhali ivutwe tu mpaka Genkuru, huko tutaangalia vizuri."

Oswaldi alimtazama kuanzia viatu. "Wewe ni nani kwenye hili gari?"

"Mimi ni familia."

"Basi toka mbele yake, familia, usije ukakanyagwa."

Dorka alitoa mawe nyuma ya magurudumu. Aliingiza gia ya kwanza. Akiwa amebanwa na hasira, aliiingiza taratibu sana, bila kutwanga. Kenta ikanguruma, ikashika, ikapanda. Taa ya njano haikuwaka kwenye mti wa kwanza wala kwenye kona ya juu, na sauti ya turbo ilikuwa ule mluzi mwembamba ambao Ojwang aliupenda na yeye hakuwahi kuujali. Nyuma yake, kwenye kioo cha pembeni, dereva wa trekta alikuwa anaamka na kumwuliza Orwa jambo, na Orwa alikuwa anaonyesha mikono mitupu.

Jioni ile Orwa alimwahi. Dorka alipofika kwa mama mkwe kusalimia, shemeji yake alikuwa tayari amekaa na ameanza kueleza, suruali imekunjwa isiguse vumbi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, nyar Shirati. Kaa. Huyu anasema gari limekufa kilimani."

"Lilisimama."

"Lilisimama kutoka asubuhi mpaka mchana, Mama," alisema Orwa. "Watu wote wameona. Barabara imefungwa. Kama si aibu hiyo, ni nini?"

"Lilivutwa?" Akech akauliza.

"Kuvutwa halikuvutwa, kwa sababu shemeji alikalia ndoano..."

"Lilivutwa?"

"Halikuvutwa."

"Lilifikaje juu?"

Orwa akakung'uta suruali. Dorka hakumsaidia, kwa kuwa utamu wa jibu ulikuwa katika kumwachia yeye alitoe.

"Lilipanda," alisema Orwa hatimaye.

"Na mzigo?"

"Na mzigo."

Akech alichukua ugoro, akavuta, akapiga chafya, akafuta pua kwa upindo wa kanga bila haraka.

"Watu waliona gari limesimama," alisema. "Waliona pia mwanangu amekaa barabarani mchana kutwa na kamba shingoni, akimsubiria mke wa ndugu yake aanguke. Nimeletewa habari hiyo na watu watatu, na wote walikuwa wanacheka. Nilisema sitaki aibu kwenye boma hili. Nilidhani itatoka kwenye gari." Akamgeukia Dorka, na jicho lake halikuwa na huruma yoyote. "Na wewe usinichekee. Nimesikia na habari ya tyubu ya baiskeli. Mwanangu angekuwa hai angekupokonya funguo yeye mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Litasimama tena?"

"Kwa hilo halitasimama. Nitakuwa nazima kwenye foleni."

"Watakupita."

"Wapite. Nitawakuta kilimani."

Akech akafikiri kidogo. "Gari ni lako," alisema. "Sharti nimeliondoa. Sitaki tena kusikia neno kamba. Orwa, kesho urudi kwenye shughuli zako."

"Shughuli gani, Mama?"

"Ndiyo uende ukazitafute."

Asubuhi Dorka alikuwa anakagua maji ya rejeta, tayari kwenda Tarime kuchukua vipuri vya karasha, Orwa alipotokea na begi lake. Suti ya rangi ya maziwa ya mgando ilikuwa imefuliwa lakini haikuwa imenyooka. Alisimama mbali kidogo, akatazama kenta, akatazama barabara isiyokuwa na pikipiki hata moja.

"Shemeji, unapita Tarime? Nikifika hapo nitapata gari ya Sirari, nivuke mpaka nirudi Migori."

"Napita."

Akazunguka kwenda upande wa abiria, akafungua mlango. Kwenye kiti kulikuwa na mkungu wa ndizi uliotumwa na Akech kwa dada yake wa mjini, umelazwa vizuri na kufungwa mkanda.

"Mbele kuna ndizi za mama," alisema Dorka, akifunga rejeta. "Panda nyuma."

Orwa alitazama ndizi. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi, na akaanza kupanda.